Skima ya Marekani kwenye umeme wa Mombasa: kisa cha tangi la lita 2,400

Tangi liko kwenye mapokezi ya hoteli moja ya Nyali, limepachikwa ukutani, urefu mita 3, upana sentimita 90 na kimo sentimita 90. Ukitoa mawe, mchanga na nafasi iliyoachwa wazi juu, kisha ukaongeza maji ya sampu, yaani tangi la kuchujia, iliyo chumba cha nyuma, unabaki na kama lita 2,400 za maji ya chumvi. Humo wanaishi kangaja, vitatange, kikande mmoja mkubwa na samaki wadogo wengi wa miambani, wote wa pwani hii hii. Chakula chao ni kamba, ngisi na dagaa kutoka jikoni, na wanalishwa sana, kwa sababu kila mgeni anayesimama mbele ya kioo hupenda kuwaona wakila.

Nilipoitwa, maji yalikuwa yamegeuka manjano. Kutoka mbele huoni, lakini ukichungulia kutoka ubavuni, mita tatu za maji zikiwa mbele ya macho yako, rangi ilikuwa dhahiri hata kwa mtu asiyejua chochote kuhusu matangi. Juu ya maji palikuwa na utando wenye mng'aro wa mafuta. Mwani ulirudi kiooni muda mfupi tu baada ya kusuguliwa, na naitreti, yaani kinachobaki majini uchafu ukishaoza, ilisoma takriban miligramu 80 kwa lita. Samaki walikuwa hai na wanakula, lakini uchafu ulikuwa unaingia haraka kuliko unavyotoka.

Kuutoa ni kazi ya skima, silinda ambayo pampu yake huvuta hewa na kuisaga kuwa viputo ili povu libebe uchafu nje ya maji. Skima yenyewe haikuwa kifaa duni. Ni silinda ya akriliki yenye kipenyo cha sentimita 20 na shingo ya sentimita 10, na maji yakiwa mahali pake hufika kama sentimita 50 kutoka chini. Ndugu wa mwenye hoteli aliileta kutoka Marekani ikiwa imekwisha kutumika, na karatasi yake ilisema inafaa tangi la galoni 600, yaani lita 2,270 hivi. Kwa karatasi ilikuwa inatosha, au inakaribia kutosha. Kwa macho, povu lilipanda hadi nusu ya shingo, likasitasita, likarudi chini. Kikombe cha juu kilikusanya maji mepesi kama chai ya rangi iliyozimuliwa mara mbili, na kwa tangi linalokula kamba kila siku, hicho kilikuwa kidogo mno.

Mwenye hoteli alikuwa ameshaamua. "Fundi, silinda ni ndogo. Nitengenezee ya sentimita 30, pesa si tatizo." Nikamwambia, "Mzee, kabla ya kukata akriliki, tupime hewa kwanza."

Sababu ya kuanza na hewa iko kwenye namna skima inavyofanya kazi. Uchafu wa samaki, mabaki ya chakula na ute wao huacha majini molekuli nyingi zenye ncha mbili zisizopatana: moja hupenda maji, nyingine huyakimbia. Molekuli kama hiyo ikikutana na kiputo cha hewa, hujibandika pale pale kwenye ngozi ya kiputo, ncha moja ikiwa ndani ya maji na nyingine hewani. Kiputo kinapanda nazo, kinafika shingoni, vinasongamana vingi, maji safi yanachuruzika kurudi chini, na kinachobaki ni povu kavu lililobeba uchafu hadi kikombeni. Kwa hiyo kinachofanya kazi ni ngozi ya viputo. Lita moja ya hewa ikigawanywa kuwa viputo vya milimita 1 inatoa mita za mraba 6 za ngozi; lita hiyo hiyo kwa viputo vya nusu milimita inatoa mita za mraba 12. Silinda ni nyumba tu ya kuvihifadhi viputo hivyo kwa muda. Ukijenga nyumba kubwa bila wakazi, hujaongeza chochote.

Chumvi nayo ina kazi yake hapa. Katika maji matamu viputo vidogo vinapogusana huungana haraka kuwa vikubwa. Katika maji ya bahari, chumvi huvizuia kuungana, ndiyo maana skima ndogo kama hizi hufanya kazi baharini na kushindwa kwenye tangi la maji ya mto.

Kupima hewa si lazima uwe na mita. Tulichukua mfuko mwepesi wa plastiki, tukaujaza hewa lita 10 tuliyoipima kwa kuisukuma kutoka kwenye dumu lililoinamishwa majini, tukaufunga kwenye mrija wa hewa wa skima, tukawasha saa. Mfuko ulichukua karibu dakika nzima kuisha. Hiyo ni lita 600 za hewa kwa saa, huku karatasi ikiahidi zaidi ya maradufu ya hapo. Tulirudia baada ya kusafisha mrija na tundu la hewa kwa maji ya uvuguvugu, kwa sababu chumvi hukauka hapo na kuziba njia polepole bila mtu kuona. Tulipata nafuu ndogo, si ya kutosha kueleza pengo lote. Impela ya sindano, yaani gurudumu la pampu lenye vijiti vya kusaga hewa, ilikuwa safi, na sindano zake zote zilikuwapo.

Jibu lilikuwa limeandikwa kwenye kibandiko cha pampu tangu siku ilipotoka kwenye boksi: volti 120, hezi 60. Kenya tunatumia volti 240 na hezi 50. Aliyeifunga alijua habari ya volti, akaweka transfoma ya kushusha, na pampu ikazunguka bila kuungua. Hapo ndipo wengi husimama. Lakini transfoma hushusha volti tu. Masafa ya umeme, yaani zile hezi, yanapita humo kama yalivyoingia.

Pampu hizi ndogo za sumaku huzunguka kwa kufuata masafa. Kwa hezi 60 rota, sehemu ya ndani inayozunguka, hukimbia mizunguko 3,600 kwa dakika. Kwa hezi 50 ni 3,000, wala haiwezi kuzidi hapo hata uiongezee volti. Punguzo la sehemu moja ya sita linasikika dogo, mpaka ulipeleke kwenye kanuni za pampu. Kasi ya ncha ya impela inabaki asilimia 83. Msukumo, na pamoja nao mvuto wa mdomo wa kunyonya, hufuata mraba wa kasi, kwa hiyo unabaki kama asilimia 69. Nguvu inayoingia majini hufuata kipeo cha tatu cha kasi, inabaki asilimia 58. Na hewa inaumizwa kuliko maji. Pampu ya skima ikiwa imekaa ndani ya sampu, hewa lazima ivutwe kutoka juu ya maji hadi kwenye mdomo wa pampu. Chukua mfano wa mdomo wenye mvuto wa sentimita 40 za maji kule Marekani, pampu ikiwa kina cha sentimita 20: unabakiwa na sentimita 20 za kuvuta hewa. Hapa Mombasa mvuto ule ule ni sentimita 28, ukitoa kina unabakiwa na 8. Mashine haijaharibika, na bado zaidi ya nusu ya mvuto wa hewa imeondoka.

Kulikuwa na madhara mengine ambayo hayakuonekana kikombeni. Mota iliyosukwa kwa volti 120 na hezi 60, ukiilisha volti 120 kwa hezi 50, chuma chake hubeba sumaku asilimia 20 zaidi ya ilivyokusudiwa. Ni sawa na kuipa volti 144 kule kwao. Kama ni lazima iendeshwe kwa hezi 50, ilipaswa kupewa volti 100. Ndiyo maana ilikuwa ya moto mkononi, na joto hilo lilikuwa linaishia kwenye maji ambayo wakati wa kaskazi tayari yanakaribia digrii 30. Hoteli ilikuwa inalipia kipoza-maji ili kuondoa joto lililoletwa na pampu yake yenyewe.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu vifaa vya mitumba kutoka Marekani na Kanada vinaingia sana pwani yetu, na mara nyingi swali linaloulizwa ni volti tu. Kwa pasi au birika, volti inatosha. Kwa kitu chochote kinachozunguka kwa kufuata umeme, soma hezi. Anayetumiwa kifaa kutoka Ulaya au Oman hana shida hii, kwa kuwa kote huko ni hezi 50. Anayekipata kutoka Saudia anayo, kwa sababu kule ni 60.

Tulijadili njia kadhaa kabla ya kuchagua. Ozoni, gesi inayopitishwa majini kuunguza uchafu, iliondolewa mwanzoni: chumba cha nyuma ni kidogo, hakina dirisha, na wafanyakazi hushinda humo. Ozoni inayovuja ni sumu ya mapafu. Pia ingekuwa ni kuficha upungufu wa hewa badala ya kuuziba. Inveta ya kutoa volti 120 kwa hezi 60 ingerudisha pampu kwenye hali yake ya kuzaliwa, na zipo zile za sola zinazoweza kuwekwa 50 au 60. Niliipenda kwa muda. Lakini ingekuwa mashine ya pili inayohitaji kuwa hai saa zote ili ya kwanza ifanye kazi, na pampu ya zamani isingekuwa na vipuri hapa siku ikivunjika impela.

Njia ya tatu ndiyo inayopendwa na wajenzi wengi: kuitoa pampu nje ya sampu na kuifanya izungushe maji ya ndani ya silinda yenyewe, huku pampu ndogo nyingine ikileta maji mapya. Kwa njia hiyo unaamua hewa na maji mapya kila kimoja peke yake, na maji hukaa na viputo kwa muda mrefu. Kwa skima mpya ningeifikiria kwa uzito. Kwa hii niliiacha kwa sababu mbili. Akriliki yake ya zamani ilikuwa na nyufa nyembamba karibu na kitako, na kutoboa matundu mawili makubwa hapo ni kuomba mvujo ndani ya ukuta wa hoteli. Pili, pampu iliyofungwa kwenye kitako cha silinda inakaa chini ya sentimita 50 za maji. Ingawa maji yenye viputo ni mepesi kidogo, hewa bado ingepaswa kuvutwa chini ya uzito mkubwa kuliko ule wa sampu. Tungekuwa tunahangaikia hewa huku tukiizidishia mzigo.

Tukakubaliana kuiacha silinda kama ilivyo, na kubadilisha kile kinacholeta hewa.

Pampu mpya ilipatikana Mombasa: pampu ya bwawa ya kawaida, volti 230 hadi 240, hezi 50, yenye rota ya sumaku na mdomo mpana. Impela yake ya asili ni ya mapezi yaliyonyooka, imetengenezwa kusukuma maji tu. Tuliyakata mapezi tukabakisha sahani yake, tukashonea juu yake tabaka za wavu mgumu wa nailoni uliosokotana ovyo, wa aina inayotandazwa kwenye miteremko kuzuia mmomonyoko wa udongo. Nyuzi zake ni nene, zina nafasi kubwa katikati, na kila uzi unaukata mchanganyiko wa maji na hewa mara nyingi katika kila mzunguko. Sindano za impela ya kiwandani hufanya kazi hiyo hiyo, ila zina kingo chache zaidi kwa nafasi ile ile.

Kushona ndiko kunakoamua kama kazi itadumu. Gundi pekee haitoshi; impela inazunguka mizunguko 3,000 kwa dakika, na kipande kikichomoka kinaisimamisha pampu usiku wakati hakuna mtu. Tulitoboa sahani matundu madogo yanayotazamana, tukapitisha mshipi wa nailoni wa kuvulia, tukafunga kila fundo peke yake ili moja likifunguka mengine yashike. Kisha tukaweka tone la gundi ya jeli kwenye kila fundo. Wavu ulikatwa kwa mkasi impela ikizungushwa polepole kwa mkono, mpaka ukaacha nafasi ya milimita 2 au 3 hivi kutoka ukuta wa chumba cha impela. Ukiuacha mpana zaidi unakwaruza na kumega vijipande vya plastiki ndani ya tangi. Ukiukata mno, hewa inapita pembeni bila kusagwa. Na uzani lazima uwe sawa pande zote. Impela iliyoelemea upande mmoja utaisikia kwa mtetemo kabla ya kuiona, na inakula kipande cha kauri kinachoshika mhimili. Jambo moja linalosaidia: pampu hizi zinaweza kuanza kuzunguka upande wowote, na wavu haujali ni upande gani.

Kwa kukagua tulichomeka pampu kwenye mita ya wati. Hiki ni kipimo kizuri ambacho mafundi wengi hawakitumii. Ukiziba mrija wa hewa kwa kidole, pampu inasukuma maji matupu, mazito, na wati zinapanda. Ukiachia, hewa inaingia, mchanganyiko unakuwa mwepesi, wati zinashuka. Kadiri tofauti hiyo ilivyo kubwa ndivyo hewa inavyoingia kwa wingi. Siku wati zikianza kupanda zenyewe wiki baada ya wiki, ujue chumvi inaziba tundu.

Kisha tukaishughulikia sampu. Imegawanywa vyumba vitatu, na skima ilikuwa chumba cha tatu, mwisho kabisa, kwenye kina cha sentimita 28, na maji yaliyoifikia yalikuwa yamekwisha kupita kwenye sponji na kuchanganyika. Utando ule wa mafuta juu ya tangi ndio chakula bora cha skima, na ulikuwa unaishia njiani. Tuliihamisha hadi chumba cha kwanza, mahali ambapo bomba la mfuriko linaangusha maji ya juu ya tangi moja kwa moja, tukaipandisha kwenye kibao cha akriliki ili kina kiwe sentimita 17. Ukuta wa chumba hicho ndio unaoshika kimo cha maji, kwa hiyo hata maji yakipungua kwa kukauka, upungufu unaonekana chumba cha mwisho na skima haijui. Hii ilikuwa kazi ya asubuhi moja, haikugharimu karibu chochote, na kama ningeruhusiwa kufanya badiliko moja tu katika mfumo huu baada ya pampu, ningechagua hili.

Kwenye njia ya kutokea maji palikuwa na koki ya robo mzunguko. Koki ya namna hiyo ni nzuri kwa kufunga na kufungua, haifai kurekebisha: unaisogeza nywele moja na maji ndani ya silinda yanaruka sentimita nzima. Tuliweka geti valvu ya milimita 50, ambayo hufunguka kidogo kidogo, pamoja na yuniani, ili skima iweze kufunguliwa bila kukata bomba. Chini ndani ya silinda tulilaza sahani ya akriliki yenye matundu mengi, mkondo wa pampu ukiingia chini yake. Bila sahani hiyo, hewa iliyoongezeka ingekuwa inapiga ukuta wa mbali na kuinua kisulisuli hadi shingoni, na kisulisuli kinavunja povu.

Mrija wa hewa ulinitia wasiwasi kuliko yote. Skima hii sasa ingevuta zaidi ya lita elfu moja za hewa kila saa na kuisaga ndani ya maji wanamoishi samaki. Chochote kilicho hewani kinaingia tangini. Chumba cha nyuma kinapakana na jiko, na mvuke wa mafuta ya kukaangia ni adui wa povu. Hata mkono uliopakwa losheni ukiingizwa majini unalishusha. Ila hilo ni usumbufu tu. Hatari ya kweli ni dawa ya mbu. Hoteli za pwani hupuliza dawa jioni, na nyingi zina viambato vya jamii ya pairethroidi ambavyo kwa binadamu ni vyepesi lakini kwa samaki na kamba ni sumu kali kwa kiasi kidogo sana. Tulipitisha bomba la PVC la milimita 25 hadi upande wa bustani unaotazama bahari, juu ya kimo cha mtu, mdomo ukitazama chini kwa sababu ya mvua, na kabla ya kufika skima hewa inapita kwenye chombo cha mkaa amilifu. Pia tuliwaandikia wapulizaji karatasi ukutani: siku ya dawa, skima izimwe kabla ya kuanza na isiwashwe hadi harufu iishe. Bomba lilileta faida nyingine. Hewa ya chumba kilichofungwa imejaa kaboni dioksaidi ya watu, na hiyo hushusha pH ya maji; hewa ya baharini iliipandisha kidogo, na asubuhi haikuwa inashuka tena kama zamani.

Baada ya hapo tukageukia umeme. Ukikatika, povu linazama, na maji yaliyokuwa njiani kutoka tangini yanashuka yote kwenye sampu. Unaporudi, au jenereta inapowaka, skima inaanza kabla ya pampu kubwa haijarudisha maji juu, kimo cha chumba kiko juu kupita kiasi, na kikombe kinafurika maji machafu kurudi sampuni au sakafuni. Tuliweka rilei ya kuchelewesha inayoipa skima dakika kumi za kusubiri. Kikombe nacho kilitobolewa na kuunganishwa kwa mrija hadi kwenye dumu la lita 20 lenye swichi ya boya. Dumu likijaa, pampu ya skima inazimika yenyewe. Dumu lina tundu dogo la kupumulia, kwani bila hilo hewa inajifunga ndani na uchafu haushuki.

Mfuko wa lita 10 sasa ulikwisha kwa sekunde 31. Hiyo ni kama lita 1,160 kwa saa, karibu maradufu ya mwanzo, kwa pampu inayopoa vizuri na isiyohitaji transfoma. Maji tuliyapima kwa ndoo kwenye njia ya kutokea: lita 20 kwa sekunde 55, yaani takriban lita 1,300 kwa saa. Silinda inabeba karibu lita 16, kwa hiyo maji hukaa na viputo kama sekunde 43 kabla ya kutoka. Kasi hiyo ni ya utulivu, na viputo havikutoroka kuingia sampuni.

Siku za kwanza ziliwatisha wahudumu. Povu lilikuwa jeupe, la maji maji, likijaa na kushuka bila mpango. Akriliki mpya, gundi mpya na mikono iliyoingia humo vyote huvuruga povu mpaka ndani ya skima kujengeke utando mwembamba wa asili. Niliwaomba wasiguse geti valvu, na hilo lilikuwa gumu kuliko kazi yote. Halafu povu likatulia, likakaza, na dumu likaanza kupokea maji meusi yenye harufu ambayo kila aliyefungua kifuniko alirudi nyuma. Utando juu ya tangi ulitoweka.

Naitreti haikushuka kwa sababu ya skima, na nilikuwa nimemwambia Mzee mapema ili asije akavunjika moyo. Skima huondoa uchafu kabla haujaoza. Kilichokwisha kuwa naitreti hakijibandiki kwenye kiputo. Kwa hiyo tulibadilisha maji, asilimia 20 kila mara, ambayo kwa tangi hili ni lita 480, madumu 24. Hesabu yake ni rahisi: 80 inakuwa 64, halafu 51, halafu 41, kama huongezi uchafu kwa kasi ile ile. Maji yalichotwa ufukweni bamvua likiwa limejaa, mbali na mdomo wa mkono wa bahari, na si baada ya mvua kubwa za masika, kwani wakati huo maji ya pwani hupungua chumvi na kubeba udongo. Jikoni nako walikubali kusuuza kamba kabla ya kuwatupia samaki na kupunguza mlo mmoja.

Rangi ya manjano pia skima peke yake isingeimaliza. Mwaka 2009 Ken Feldman na Kelly Maers wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania walichapisha vipimo vya skima kwa kuangalia kaboni ya oganiki iliyomo majini, na walichokuta ni kwamba skima ziliondoa takriban asilimia 20 hadi 30 tu ya kaboni hiyo, kisha zikasimama. Sehemu kubwa ya vilivyoyeyuka haina ncha mbili za kuifanya ishikwe na kiputo. Nayaamini matokeo hayo kwa sababu yanalingana na ninachokiona kwenye matangi: skima nzuri huondoa mzigo mzito na kuleta oksijeni kwa wingi, lakini ung'avu wa mwisho unatoka kwenye mkaa amilifu. Tuliweka mfuko wa mkaa kwenye chumba cha pili cha sampu, na ndio uliorudisha maji yasiyo na rangi ukitazama mita zote tatu. Anayeuza skima kama dawa ya kila kitu anamdhulumu mnunuzi.

Sasa wahudumu wana kazi ndogo mbili. Shingo inafutwa kwa kitambaa mara mbili kwa wiki, kwa sababu utelezi wa mafuta ukijenga ukutani povu haliwezi kupanda, na kikombe kinaoshwa kwa maji matupu bila sabuni. Tundu la hewa linamiminiwa glasi ya maji ya uvuguvugu yasiyo na chumvi wakati pampu inazunguka. Kila baada ya miezi michache pampu hulazwa ndani ya siki iliyozimuliwa ili chokaa iachie mhimili, na hapo ndipo mafundo ya mshipi yanakaguliwa.

Shingo ndiyo iliyobaki haijanitosheleza. Ina kipenyo cha sentimita 10, ilipimwa kwa pampu ya zamani. Hewa ya lita 600 ilipita humo kwa kasi ya kama sentimita 2 kwa sekunde. Hewa ya sasa inapita kwa zaidi ya 4, na povu linafika juu likiwa bado na maji ambayo yangepaswa kuchuruzika. Kwa sasa tunalidhibiti kwa kushusha kimo cha maji kwenye silinda kwa geti valvu, na linakuja zito vya kutosha. Shingo ya sentimita 15 ingeirudisha kasi chini ya 2 kwa hewa hii hii, na kipande cha bomba la akriliki la kipimo hicho ni rahisi mno kulipa kuliko silinda ya sentimita 30 aliyoitaka Mzee mwanzoni. Ameshaagiza.